Uchaguzi wa Swichi ya Morse: Mkono, Mdundo na Mizani ya Kimya

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna mwanafunzi wa redio ya ridhaa anavyoweza kuchagua swichi ya kupigia alama za Morse. Hoja yetu ni kwamba swichi haichaguliwi kwa kasi wala kwa bei yake, bali kwa jinsi inavyomsaidia mpigaji kupima sauti na kimya. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha mizani ya Morse na mizani ya ushairi wa Kiswahili, na kwa mifano ya viambishi vya njeo ambavyo hupotea kimya kinapokosewa.

1.0 Utangulizi

Huenda msomaji akajiuliza mada hii imefuata nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu la kwanza limo katika msamiati wetu wenyewe. Neno simu lina asili ya Kiajemi na maana yake ya awali ni waya. Kebo ya telegrafu iliyopita chini ya bahari kutoka Aden ilifika Unguja mwaka 1879, na katika enzi hiyo kupiga simu kulikuwa kutuma habari kwa alama, wala si kuzungumza. Kitenzi piga, ambacho leo tunakitumia kwa simu ya mkononi, kilikwisha kuzoeana na simu tangu siku za telegrafu.

Jibu la pili ni kwamba Morse ni mfumo wa mdundo, na mdundo ni jambo ambalo mwanafunzi wa arudhi hana budi kulichunguza popote alikutapo.

Redio ya ridhaa ni ile inayotumiwa na watu binafsi wenye leseni, kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana, bila kutafuta faida. Zamani mtu hakuweza kupata leseni ya kutumia masafa mafupi bila kufuzu mtihani wa Morse. Mwaka 2003 mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliiachia kila nchi uamuzi kuhusu mtihani huo, na Marekani iliufuta mwaka 2007. Katika usafiri wa baharini, Morse ilikuwa imekwisha kupoteza nafasi yake ya lazima ifikapo Februari 1999, mfumo mpya wa kuomba msaada baharini ulipokamilika. Kwa hiyo anayejifunza Morse leo hujifunza kwa hiari, na mara nyingi hana mkufunzi wa kumkabidhi swichi na kumwambia, "Tumia hii." Lazima achague mwenyewe.

Mwandishi wa makala haya alichagua vibaya. Nilinunua swichi ya vibao viwili iliyokwisha kutumika, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba ndiyo ya wapigaji wa kasi. Baada ya miezi miwili nilimpigia mzee mmoja wa Mombasa aliyewahi kufanya kazi ya redio melini. Alisikiliza kwa makini, akaweka kalamu chini, akasema, "Mwanangu, herufi zako ni safi, lakini sikupata neno hata moja." Maneno hayo ndiyo chimbuko la makala haya.

2.0 Mizani ya Morse na Mizani ya Ushairi

Kipimo cha msingi cha Morse ni nukta. Kistari kimoja kina urefu wa nukta tatu. Kimya kilichomo ndani ya herufi ni sawa na nukta moja, kimya kati ya herufi na herufi ni nukta tatu, na kimya kati ya neno na neno ni nukta saba. Kasi hupimwa kwa neno PARIS, ambalo pamoja na kimya chake cha mwisho lina vipimo 50 kamili. Mtu anayepiga maneno 20 kwa dakika hutumia milisekunde 60 kwa kila nukta. Anayepiga maneno 10 hutumia milisekunde 120.

Sasa tulinganishe na arudhi yetu. Katika shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo, yaani nane katika ukwapi na nane katika utao, tunachohesabu ni silabi. Neno mtu lina mizani mbili, m na tu, hata kama msomaji atakawia katika silabi moja na kuharakisha nyingine. Morse haihesabu idadi ya milio bali huhesabu muda, na muda huo unajumuisha kimya. Kwa mfano, neno SIMU lina vipimo 38. Kati ya hivyo, 16 ni vya sauti na 22 ni vya kimya. Ni bayana kwamba zaidi ya nusu ya neno ni kunyamaza.

Athari yake kwa Kiswahili ni kubwa, kwa kuwa lugha yetu hubeba maana nyingi katika viambishi vifupi. Tuchukue viambishi vitatu vya njeo:

(a) NA ni kistari-nukta, kisha nukta-kistari. Kimya kati ya N na A kikimezwa, msikilizaji hupata kistari-nukta-nukta-kistari, yaani herufi X.
(b) TA ni kistari, kisha nukta-kistari. Vikiunganishwa hutoa K.
(c) ME ni vistari viwili, kisha nukta. Vikiunganishwa hutoa G.

Vivyo hivyo, NI hugeuka B, na SI hugeuka tarakimu 5. Mpigaji hakukosea nukta wala kistari hata kimoja, ila kimya chake kilipungua. Hata hivyo njeo imepotea, na X iliyojitokeza haimo hata katika alfabeti ya Kiswahili. Hivi ndivyo herufi zangu zilivyokuwa safi na maneno yangu yasisikike.

3.0 Aina za Swichi

3.1 Swichi ya kubonyeza

Hii ndiyo kongwe. Ni wenzo mmoja unaoshuka na kupanda, wenye kirungu cha kushikia, springi ya kuurudisha juu na ncha mbili za chuma zinazogusana. Asili yake ni swichi sahili ya Alfred Vail, mshirika wa Samuel Morse, waliozindua laini ya telegrafu kati ya Washington na Baltimore mwaka 1844. Katika swichi hii kila kitu hufanywa na mkono: urefu wa nukta, urefu wa kistari na vimya vyote. Ndiyo maana kila mpigaji huwa na mwandiko wake, na wenziwe humtambua kabla hajajitaja.

Kasoro yake ni uchovu. Wapigaji wa telegrafu waliofanya kazi hiyo kutwa kucha walipatwa na maumivu ya mkono yaliyowalazimu wengine kuiacha kazi. Maumivu hayo, pamoja na haja ya kasi, yalisukuma ubunifu uliofuata.

3.2 Swichi ya pendulamu

Mwaka 1904 Horace Martin wa Marekani alipata hataza ya swichi iliyopewa jina la Vibroplex. Wenzo wake husukumwa pembeni. Ukisukumwa kwa kidole gumba, pendulamu yenye kizito kidogo hutikisika na kutoa mfululizo wa nukta. Vistari hupigwa kimoja kimoja kwa kidole cha upande wa pili. Kwa hiyo mashine inapima nukta na mkono unapima vistari. Ni chombo chenye haiba, lakini hakimfai anayeanza, kwani nukta zake hukimbia kuliko sikio changa linavyoweza kuzifuata.

3.3 Swichi ya vibao

Swichi hii ina kibao kimoja au viwili vinavyoguswa kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Upande mmoja huagiza nukta na mwingine huagiza vistari. Saketi ya kielektroniki, ambayo siku hizi mara nyingi imo ndani ya redio yenyewe, ndiyo inayopima urefu. Vibao vikiwa viwili na vikabanwa kwa pamoja, saketi hutoa nukta na vistari kwa zamu. Mtindo huo huitwa wa iambi, jina lililoazimwa kutoka katika arudhi ya Kigiriki, ambamo iambi ni silabi fupi ikifuatwa na ndefu. Herufi A ni iambi kamili. Herufi C, kistari-nukta-kistari-nukta, hupatikana kwa kubana mara moja badala ya kusogeza vidole mara nne.

Kuna jambo la kutahadhari. Saketi hizi zina mitindo miwili, A na B. Vibao vikiachiliwa, mtindo A humaliza alama inayopigwa na kukoma, ilhali mtindo B huongeza alama moja ya kinyume chake. Aliyezoea B akitumia redio iliyowekwa katika A, C yake hutoka K. Mwanafunzi achague mtindo mmoja mapema na kudumu nao.

Jambo muhimu zaidi ni kwamba saketi hupima nukta, vistari na kimya cha ndani ya herufi. Kwa kawaida, kimya kati ya herufi na kimya kati ya maneno huachiwa mkono. Swichi ya vibao haiwezi kukuvunjia C, lakini inaweza kukuacha ugeuze NA kuwa X mara mia bila kukuonya.

4.0 Vigezo vya Uchaguzi

Kigezo cha kwanza ni hatua ya mwanafunzi. Wapo wanaoshikilia kwamba mwanafunzi aanze na vibao moja kwa moja ili sikio lake lizoee alama zenye urefu sahihi. Hoja yao ina uzito, na sikio linapaswa kutangulia mkono kwa vyovyote. Sisi tunaona kwamba majuma machache ya swichi ya kubonyeza yana faida ya pekee, maadamu yanamlazimisha mtu kuhesabu kimya pamoja na sauti. Baadaye ahamie vibao akitaka.

Kigezo cha pili ni afya. Mwenye maumivu ya kifundo au ya mkono asijilazimishe kubonyeza kwa kuheshimu mapokeo. Vibao huhitaji nguvu ndogo, na kwake ndivyo chaguo bora tangu mwanzo.

Kigezo cha tatu ni umbo na uzito. Swichi nyepesi huteleza mezani, na mkono unaoifukuza swichi hauwezi kutunza mdundo. Kitako kiwe kizito, au swichi ifungwe kwa skrubu juu ya ubao mpana. Wamarekani huweka swichi ya kubonyeza ndani ya meza ili kigasha kipate pa kulala. Waingereza wamezoea kirungu kirefu kilicho karibu na ukingo. Pima urefu wa meza yako kabla ya kuamua.

Kigezo cha nne ni marekebisho. Hakikisha kwamba nguvu ya springi na mwanya kati ya ncha vinaweza kurekebishwa. Kwa vibao, mwanya wa unene wa karatasi moja unatosha kuanzia. Swichi ya kubonyeza hutaka mwanya mkubwa zaidi, ili mkono ujue umeshuka.

Kigezo cha tano ni upatanifu na redio. Vibao visivyo na saketi havina wa kuwapimia. Swichi ya kubonyeza nayo, ikichomekwa penye mpangilio wa vibao, inaweza kutoa vistari mfululizo visivyokoma. Kosa si la swichi. Badilisha mpangilio wa redio.

5.0 Hitimisho

Tumalizie kwa jaribio ambalo mnunuzi anaweza kulifanya kabla ya kutoa fedha zake. Ishara za wito za Kenya huanza na 5Z4. Tano ni nukta tano, Z ni vistari viwili na nukta mbili, na 4 ni nukta nne na kistari. Nukta moja ikikosekana mwanzoni, 5 huwa H, na HZ ni mwanzo wa ishara za Saudi Arabia: umehama nchi kwa kosa la sehemu ndogo ya sekunde. Apige 5Z4 mara kumi, kisha apige NA, TA na ME mara kumi kila kimoja. Mtu mwingine asikilize na kuandika anachosikia, bila kumwangalia wala kumkisia. Wale wasio na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya wanaweza kulifanya jaribio hili kwa king'ora kidogo cha betri, kwa kuwa hakuna kinachorushwa hewani.

Swichi ambayo maandishi yake yatakuwa sahihi zaidi ndiyo ya mtu huyo, iwe ya shaba inayong'aa au ya kipande cha chuma juu ya ubao. Mimi nilirudi kwa mzee wa Mombasa baada ya majuma sita nikiwa na swichi ya kubonyeza ya kuazima. Nilipiga polepole sentensi moja yenye ME mbili na TA moja. Mzee aliiandika yote, akanigeuzia karatasi niisome.