Miguu Mikavu, Mwindaji Mzima: Vidokezo 11 kwa Wanaotembea Masisi na Walikale

Wanyanga wa Walikale wana shujaa wao, Mwindo, aliyezaliwa akitembea. Utendi wake, uliosimuliwa na Shekarisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, unamfikisha pabaya kwa sababu ya uwindaji. Mwindo anatamani nyama ya nguruwe wa porini, anatuma wawindaji, joka linawameza, naye analiua joka. Kumbe joka hilo ni rafiki wa Nkuba, bwana wa radi! Nkuba anampandisha angani, na huko Mwindo anapigwa na baridi kali na upepo, hana hata kibanda cha kujibanza.

Kama Mwindo alitetemeka, sembuse sisi tunaotoka alfajiri na buti la mpira lililotoboka?

Tena huku kwetu baridi inakujia kwa hatua. Walikale mjini ni kama mita 700 juu ya usawa wa bahari. Vilima vya malisho vya Masisi vinapita mita 2,000. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi kama 6. Anayetoka msituni kwenda juu kupitia Kashebere na Nyabiondo amevaa kama alivyolala, ataona cha moto, au tuseme cha baridi. Vidokezo hivi ni vya mwindaji, lakini mchungaji, mkulima na mbeba mizigo nao wajichotee.

1. Mjue adui: ni maji

Hewa iliyotulia huiba joto la mwili polepole. Maji huliiba upesi, karibu mara 25 zaidi. Ndiyo maana mtu aliyeloa miguu huweza kutetemeka mahali ambapo mwenzake mkavu yuko sawa. Na usidhani maji ni mvua tu. Umande wa alfajiri kwenye majani marefu hukulowesha hadi magotini kabla wingu la kwanza halijatokea, na jasho lako mwenyewe huanza kazi ndani ya buti mara tu unapopanda mlima. Ukiukumbuka ukweli huu mmoja, vidokezo vyote vinavyofuata utavielewa bila kuelezwa mara mbili.

2. Nunua buti jioni

Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Buti linalokutosha barabara saa mbili asubuhi litakubana saa kumi. Nenda dukani jioni, na soksi utakazovaa porini uwe nazo. Simama, chezesha vidole: visipocheza, omba namba inayofuata. Mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha, na damu ndiyo inayoleta joto. Kwa sababu hiyo, kuvaa soksi mbili ndani ya buti dogo ni kujitia baridi kwa mkono wako.

3. Lijaribu buti kabla mvua haijalijaribu

Lijaze maji hadi kifundoni, lifute nje likauke, litundike kwenye msumari, kisha kunywa chai yako taratibu. Ukirudi, angalia sehemu mbili: pale mpira unapokunjwa mbele ya kifundo, na pale soli inapokutana na ubavu. Tone likionekana, weka alama kwa mkaa. Mwaga maji, kausha, sugua mahali pale kwa msasa, bandika kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwa gundi ya kuzibia matairi, ukandamize usiku kucha kwa jiwe. Kiraka kikubwa chenye kona za mviringo hukaa. Chenye ncha kali huanza kubanduka kwenye ncha.

4. Soksi ya pamba ibaki nyumbani

Pamba hunywa maji na kukaa nayo. Sufu hata ikilowa bado hubakiza joto kidogo, na soksi za nailoni hukauka haraka. Kwenye mitumba, usichague kwa rangi. Ipapase: sufu huwasha kidogo na ni nzito kuliko inavyoonekana. Chukua jozi tatu: moja miguuni, moja kwenye mzigo, na ya tatu ya kulalia tu. Hiyo ya kulalia ifunge vizuri ndani ya sashe (mfuko wa plastiki), na usiitoe mchana hata ukilia. Iliyoloa ikamue, uitundike nje ya mzigo ipate upepo unapotembea.

5. Sashe ni mlinzi wa muda

Buti limepasuka katikati ya safari na fundi yuko mbali? Vaa soksi kavu, vaa sashe juu yake, kisha buti. Maji ya nje hayatagusa soksi. Lakini sashe hufungia jasho ndani, na baada ya mwendo mrefu utakuta umeloa kwa maji yako mwenyewe. Itumie kuvuka kinamasi, au unapokaa kimya. Ukifika pakavu, ivue, ugeuze ndani nje, uifute, uihifadhi kwa dharura nyingine.

6. Mtoni, vua

Buti la mpira lililojaa maji ni mzigo mzito kwenye mkondo, nalo linaweza kukuangusha. Lowa na Oso si mito ya mchezo, hata vijito vinavyomwaga humo hubadilika ghafla mvua ikinyesha juu. Kabla ya kuingia kwenye kijito cha kuvukika, vua buti na soksi, uvifunge juu ya mzigo, uvae kamambili zilizofungwa kwa kamba kisiginoni ili mkondo usizichukue. Upande wa pili, kaa chini, jifute hadi katikati ya vidole, kisha vaa vikavu vyako. Ni dakika chache tu. Wenzako wakikucheka kwa kuchelewa, waache. Jioni mtajuana.

7. Ukitembea poa, ukisimama jifunike

Kwenye uwindaji wa nyavu, baridi haiwagawii watu sawasawa. Wanaofukuza, pamoja na mbwa waliofungwa kengele za mti shingoni, wanakimbia na kutoka jasho. Anayelinda wavu anasimama kimya, na jasho alilokuja nalo linageuka barafu mgongoni. Basi tembea ukiwa umefungua vifungo, ufike ukiwa mkavu. Mara tu unapokaa, vaa koti na kofia kabla hujasikia baridi. Mwili unapoona kifua kinapoa, hupunguza damu ya miguuni na mikononi ili uokoe moyo na mapafu. Kwa hiyo dawa ya vidole baridi mara nyingi huanzia kichwani na kifuani.

8. Usikanyage ardhi uchi

Ardhi yenye maji hunyonya joto kupitia soli, hasa soli nyembamba ya buti la mpira. Kata soli ya pili kutoka kipande cha godoro au blanketi kuukuu, uiweke ndani; jioni itoe, iache ikauke. Unaposubiri, panga vijiti vikavu, tandika majani ya mangongo juu yake, weka miguu hapo. Hakuna mangongo? Gogo linatosha. Kila mara kunja na kunjua vidole ndani ya buti, na inuka kwa ncha za miguu. Misuli ya kigimbi cha mguu husukuma damu, na damu ndiyo moto wako.

Hili la kutandika si geni duniani. Ötzi, mtu wa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita aliyekutwa mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alpi, alikuwa na viatu vilivyojazwa majani makavu. Nawe jaza buti lako majani makavu ya mgomba usiku: hunyonya unyevu, asubuhi unayatupa na kuweka mengine jioni ifuatayo.

9. Kula, na kanyanga iache nyumbani

Joto la mwili hutengenezwa na chakula. Lituma, mahindi ya kuchoma au ugali wa muhogo na kitu cha mafuta jioni vitakupasha usiku kuliko blanketi la pili. Kanyanga inadanganya: hufungua mishipa ya ngozi, ukahisi uso unawaka, kumbe joto la ndani linatoka nje. Sigara nayo hufanya kinyume chake, kwani hubana mishipa midogo ya vidole. Ukivuta na kunywa pamoja, umefungua mlango wa mbele na kuzima jiko.

10. Moto ukae mbali

Ukifika kambini na miguu haina hisia, usiitie motoni wala kwenye maji ya moto: huwezi kujua inaungua. Ikaushe, ivike soksi kavu, uipashe taratibu chini ya blanketi au kwa mikono ya mwenzako. Maji ya uvuguvugu yanafaa, lakini jaribu kwanza kwa kiwiko. Mwenye kisukari na yule ambaye miguu yake hufa ganzi awe mwangalifu zaidi. Na buti la mpira usiliweke jirani na makaa, maana litakauka upesi, kisha litapasuka upesi.

Kabla ya kulala, soma miguu yako. Ngozi nyeupe, iliyokunjamana na isiyohisi, ni onyo. Ikipata joto ikawa nyekundu, ikavimba na kuuma, miguu imedhurika kwa kukaa kwenye unyevu muda mrefu, na hali hii haihitaji barafu kutokea. Maelfu kwa maelfu ya askari waliipata kwenye mahandaki ya Ulaya kati ya 1914 na 1918. Jeshi la Uingereza lilipambana nayo kwa ukaguzi wa miguu, soksi kavu na mafuta ya nyangumi. Sisi hatuna nyangumi, lakini mawese yapo: yapake kabla ya safari ya kinamasi, yacheleweshe maji kuingia kwenye ngozi. Usikande ngozi iliyodhurika, usipasue lengelenge. Inua miguu, na ukiona jeraha au weusi, nenda kituo cha afya bila kungoja.

Siku nyingine, kagua pia katikati ya vidole kama kuna ukurutu au funza. Na ukifika nyumbani, usivue buti na kubaki pekupeku kwenye matope. Kwenye udongo mwekundu wa volkano, katika nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama zile za jirani zetu Rwanda na Uganda, kutembea bila viatu miaka mingi huweza kuvimbisha miguu kwa ugonjwa usioambukiza. Kinga yake ni kiatu, sabuni na maji. Watoto wavalishwe kwanza.

11. Jua unakokwenda

Njia fupi huokoa miguu, basi uliza wenyeji kabla ya kuamua. Uliza pia mipaka. Hifadhi za Maiko na Kahuzi-Biega, zote za mwaka 1970, zinaingia kwenye ardhi ya Walikale, na ndani yake kuwinda ni marufuku. Gorila, sokwe na okapi wanalindwa na sheria popote walipo, na uwindaji kwa jumla unaongozwa na sheria ya Mei 28, 1982. Buti zuri halikuokoi mahakamani.

Kama fedha yako wiki hii inatosha kitu kimoja tu, acha buti jipya lisubiri. Ziba la zamani kwa mpira wa baiskeli, ununue jozi ya pili ya soksi.