Kikohozi kisichoisha: je, dawa ya tindikali itakufaa?

Kikohozi cha mtu mzima kikizidi wiki 8 huitwa kikohozi sugu, na tindikali inayopanda kutoka tumboni ni mojawapo ya sababu zake. Umio na njia ya hewa hutumia mshipa mmoja wa fahamu, hivyo umio ukiunguzwa kifua huweza kuitikia kwa kukohoa hata kama hakuna tone lililofika kwenye mapafu. Habari hiyo imeenea, na siku hizi wengi wakikohoa bila kupona hununua omeprazoli dukani na kumeza miezi kadhaa. Wengi wao haiwasaidii, na mara nyingi dalili za kutosaidia zilikuwapo kabla ya kidonge cha kwanza.

Jambo kubwa la kutazama ni kama kuna kiungulia au la. Anayekohoa huku kifua kikimchoma baada ya kula, au anayecheua maji machungu akiinama au kulala, ana matumaini ya kweli. Asiye na lolote kati ya hayo ana matumaini madogo mno. Mwaka 2013 Peter Kahrilas na wenzake walipitia majaribio yaliyolinganisha dawa hizi na vidonge visivyo na dawa. Kwa wagonjwa ambao vipimo vilionyesha tindikali imezidi kwenye umio, nafuu iliyoletwa na dawa yenyewe ilikuwa kati ya asilimia 12.5 na 35.8, kwa wasio nayo, kati ya 0 na 8.6. Tazama kwamba hata kundi la kwanza si wote waliopona. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2016 nao unashauri asiye na kiungulia wala kucheua asitibiwe kikohozi kwa dawa hizi peke yake.

Utasikia mtu akisema, “Mbona jirani yangu alipona?” Huenda kweli dawa ilimponya. Lakini kikohozi kingi huisha chenyewe, na katika majaribio hayo hata waliomeza vidonge visivyo na dawa walipata nafuu. Hoja nzito zaidi ni kwamba tindikali inaweza kupanda kimyakimya. Ni kweli, na ndiyo maana hospitali kubwa hupitisha mrija mwembamba puani hadi kwenye umio na kupima tindikali kwa saa 24. Kubahatisha kwa vidonge hakuwezi kushika nafasi ya kipimo hicho, kwani omeprazoli hupunguza ukali wa tindikali tu. Haizuii maji ya tumbo kupanda.

Kubahatisha kuna hatari nyingine, na hapa ndipo tunapoomba usikivu wako. Kikohozi cha wiki 2 kinatosha kukupeleka kituo cha afya ukapimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Ukikohoa damu, ukikonda au ukitoka jasho usiku, usingoje hata hizo wiki 2. Ukiwa unatumia dawa ya presha kama enalaprili au lisinoprili, mwambie daktari, maana dawa za jamii hiyo huleta kikohozi kikavu, usiiache mwenyewe.

Mwenye kiungulia ameze dawa aliyoandikiwa nusu saa kabla ya chakula, ale chakula cha jioni saa 3 kabla ya kulala, ainue kitanda upande wa kichwani, na apunguze uzito kama umezidi. Awe na subira: kikohozi huweza kuchukua hadi miezi 3 kutulia. Miezi hiyo ikiisha, kiungulia kimekoma na kikohozi kiko palepale, arudi kwa daktari sababu nyingine itafutwe, asiongeze vidonge.