Unapokwenda milimani, fikiria kwanza juu ya maji

Shule zinapofungwa na siku za mapumziko zinapofika, vijana wengi wa Nakuru, Gilgil na Naivasha hufunga safari za kupanda milima na kutembea makorongoni. Hili ni jambo jema. Kutembea kwa miguu huimarisha moyo, husaidia kupunguza shinikizo la damu na sukari mwilini, na hutuliza akili iliyochoshwa na kazi. Kwa hivyo makala haya hayakuandikwa ili kukuzuia kwenda.

Hata hivyo, watu wanaonijia kabla ya safari hizo aghalabu huwa na swali moja tu: "Daktari, kuna nyoka huko? Kuna chui?" Ni wachache mno wanaoniuliza kuhusu maji. Ilhali katika sehemu zetu hizi za Bonde la Ufa, maji ndiyo yanayostahili kuogopwa zaidi. Yakipungua mwilini yanaua. Yakinywewa machafu yanaleta maradhi. Yakishuka ghafla korongoni yanabeba watu, na yakitoka ardhini yakiwa moto yanachoma. Leo tutayatazama moja baada ya jingine.

Maji unayobeba mgongoni

Chukua mfano wa mlima Longonot, ambao kilele chake kiko mita 2776 juu ya usawa wa bahari. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3 za kupanda. Kuuzunguka ukingo wote ni zaidi ya kilomita 7, kisha kuna safari ya kurudi chini. Jumla ni kilomita 13 hivi, na mtu wa kawaida huchukua saa nne hadi sita. Usitarajie kupata mto au bomba la maji huko juu. Maji utakayokunywa ni yale uliyobeba.

Jambo linalowadanganya wengi ni upepo. Huko juu hewa ni kavu, na jasho hukauka kabla hujaliona. Mtu hudhani hatoki jasho, kumbe mwili unapoteza maji kila dakika.

Jumapili moja nililetewa kijana wa miaka 23 aliyekuwa ametoka kupanda mlima na wenzake. Asubuhi alikuwa amekunywa chai kikombe kimoja, na njiani soda moja ndogo. Walipokuwa wakishuka alianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Wenzake walicheka, wakidhani alikuwa amebeba pombe kisirisiri. Walipogundua kwamba hakuwa mlevi, saa nzima ilikuwa imepita. Alipona, lakini baada ya siku kadhaa hospitalini, kwa sababu figo zake zilikuwa zimeanza kuathirika.

Hapa pana somo moja ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote. Kiu, kuumwa na kichwa, kizunguzungu na mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni dalili kwamba mwili umepungukiwa na maji. Mtu wa namna hii apumzishwe kivulini na anyweshwe polepole. Lakini mtu akianza kuchanganyikiwa, kuyumba au kuzirai, huyo amezidiwa na joto, na maisha yake yamo hatarini. Usingoje akauke jasho ndipo uamini. Anaweza kuwa bado anatoka jasho. Mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, na mwite msaada mara moja. Ikiwa hawezi kumeza vizuri, usimtilie maji mdomoni, kwani yataingia mapafuni.

Je, ubebe maji kiasi gani? Kwa matembezi ya saa nne hadi sita juani, mtu mzima abebe lita 2 hadi 3, na anywe kidogo kidogo, kama nusu lita kwa kila saa. Usinywe lita nzima kwa mkupuo mmoja, na usinywe maji matupu kutwa nzima bila kula, maana chumvi ya damu ikipungua sana nayo huleta maradhi. Beba ndizi, njugu, au viazi vilivyochemshwa na kutiwa chumvi.

Kwa aliyepungukiwa na maji, unaweza kutengeneza dawa nyumbani kabla ya kuondoka: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Usizidishe chumvi.

Menengai ina hila yake. Ukingo wa kreta hiyo uko karibu sana na mji, hivyo watu huenda kama wanaokwenda sokoni. Lakini sakafu ya kreta iko karibu mita 500 chini ya ukingo. Katika mlima wa kawaida unapanda ukiwa na nguvu na kurudi kwa mteremko. Menengai ni kinyume: unateremka asubuhi ukiwa na nguvu na chupa imejaa, kisha unapanda jua likiwa kali, miguu imechoka na chupa ni tupu. Basi ukifika chini, hakikisha zaidi ya nusu ya maji yako bado yamo chupani. Ikiwa sivyo, geuka mapema.

Wako wanaohitaji uangalifu zaidi. Ikiwa unatumia vidonge vya shinikizo la damu, hasa vile vya kuongeza mkojo, au una kisukari, pumu, maradhi ya moyo au selimundu, mwone daktari kabla ya safari. Kwa mgonjwa wa selimundu, kukosa maji pamoja na hewa hafifu ya mlimani kunaweza kuamsha maumivu makali. Usiache dawa zako kwa sababu ya safari, na usizifiche wenzako hali yako.

Maji ya mtoni

Maji ya kijito cha mlimani huonekana maangavu, lakini weupe wa maji si usafi wake. Huko juu kuna mifugo, wanyama wa porini na watu. Homa ya matumbo, amiba na maradhi mengine ya kuhara hupatikana kwa njia hii. Ikiwa huna budi kuyatumia, yachemshe. Maji yakishatokota vizuri, dakika 1 hutosha katika sehemu za chini. Ukiwa juu ya mita 2000, yaache yatokote kwa dakika 3, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Vidonge vya klorini pia hufaa, ukifuata maagizo ya pakiti.

Wasomaji wa Nakuru wanajua kwamba maji mengi ya visima vyetu yana floraidi nyingi, ambayo huwaachia watoto meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa matembezi ya siku moja floraidi haitakudhuru, lakini usidhani kwamba kuchemsha maji huondoa kila kitu.

Kuhusu kuogelea katika vidimbwi vya mito na chini ya maporomoko, kuna mambo mawili. Kwanza, usirukie kamwe maji usiyoyaona chini yake, hasa kwa kichwa. Jiwe lililofichika linaweza kuvunja shingo, na kijana akalala kitandani maisha yake yote. Pili, maji ya sehemu za juu, kama vile mto Ewaso Narok unaoporomoka zaidi ya mita 70 pale Thomson's Falls, Nyahururu, ni baridi sana. Aingiaye ghafla huvuta pumzi bila kutaka, na kama kichwa kimezama huvuta maji. Mwenzako akizama, usijitupe nyuma yake ikiwa hukufunzwa kuokoa. Mtupie kamba, tawi refu, au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko. Akitolewa hapumui, mpulizie pumzi tano mdomoni huku umemziba pua, kisha anza kukandamiza kifua, na mtu mwingine aite msaada.

Maji yanayokuja ghafla

Hili ndilo linalonikosesha usingizi kila mvua inapoanza. Korongo la Ol Njorowa, katika mbuga ya Hell's Gate, linapendwa na wengi kwa kuta zake nyembamba na ndefu. Mwezi wa Aprili 2012 vijana 7 wa kundi la kanisa walibebwa na mafuriko katika korongo hilo wakafariki. Mwezi wa Septemba 2019 mafuriko yaliua watu wengine 7 pahali hapo hapo.

Je, watu hushikwaje namna hiyo? Korongo lilichimbwa na maji tangu zamani, na bado ni njia ya maji. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu, ilhali wewe uliye chini unaona jua na anga la samawati. Maji ya miteremko yote hukusanyika katika njia moja nyembamba. Maji ya kina cha sentimita 15 tu, yakienda kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kuta zilizolainishwa na maji hazina pa kushika.

Kwa hivyo usiingie korongoni ikiwa kuna mawingu mazito upande wowote, hata kama ni mbali. Katika miezi ya mvua, nenda asubuhi mapema, maana mvua zetu nyingi hunyesha alasiri. Muulize mwelekezi au askari wa KWS kuhusu hali ya juu, na akikuambia toka, toka. Usibishane kwa sababu umelipa kiingilio. Ukiona maji yaliyokuwa maangavu yakigeuka kuwa ya matope, vijiti na majani yakielea, au ukisikia mvumo kama wa lori, usingoje kupiga picha. Usikimbie kufuata korongo kuelekea chini, kwa sababu maji yatakushinda mbio. Panda juu pahali pa kwanza panapopandika, ukae huko mpaka maji yapungue.

Maji ya moto

Katika Ol Njorowa na kando ya ziwa Bogoria kuna chemchemi zinazokaribia kuchemka, na huko Menengai mvuke hutoka ardhini. Watoto hupenda kugusa. Ardhi iliyo kando ya chemchemi inaweza kuwa ganda jembamba tu, mguu ukatumbukia. Mshike mtoto mkono, na usitoke kwenye njia.

Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, vua pete na saa kabla ya uvimbe, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake samli, dawa ya meno wala yai. Vitu hivyo huhifadhi joto na kuleta vijidudu.

Kabla ya kufunga mlango

Mwachie mtu wa nyumbani habari: mnakwenda wapi, mko wangapi, na mtarudi saa ngapi. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199; ziandike, kwa sababu simu huzimika. Beba kofia, koti la mvua, filimbi na maji ya kutosha. Msitawanyike, anayetembea polepole kuliko wote ndiye awe wa mbele, ili asiachwe nyuma.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mlima wa Longonot umekuwepo tangu kale na utakuwepo Jumapili ijayo. Siku mvua inapotanda au mwenzenu anapoanza kuyumba, rudini nyumbani. Hakuna aibu katika kurudi.