KUCHAGUA PAKA WA NYUMBANI

Huko Kadutu, katika mji wa Bukavu, nyumba zimesongamana juu ya kilima. Panya hutoka katika nyumba moja na kuingia katika nyingine bila taabu. Mama mmoja alikuwa ameweka mfuko wa maharagi ya mbegu, akingoja mvua ya mwezi wa tisa. Asubuhi moja akaukuta mfuko umetobolewa, na mbegu nyingi zimeliwa. Akamwambia mwanawe: « Twende Bagira kwa shangazi yako. Paka wake amezaa. »

Shangazi alikuwa na watoto wa paka watatu. Wa kwanza alikuwa mweupe, mwenye manyoya mazuri. Lakini alipowaona wageni alijificha nyuma ya chungu. Wa pili alikuwa mwekundu, mwenye nguvu. Alirukia sahani ya samaki, akafukuzwa, akarudi tena. Wa tatu alikuwa wa madoadoa. Alimkaribia mtoto, akamnusa mkono, kisha akacheza na kamba.

Mtoto akasema: « Shangazi, ninamtaka mweupe. »

Shangazi akajibu: « Usitazame manyoya kwanza. Tazama nyumba yenu. Mko watu wangapi? »

« Tuko wanane, shangazi, na vyumba ni viwili. Mdogo wangu anatambaa. »

« Basi mweupe ataogopa makelele, naye atakimbia. Anafaa nyumba ya mzee akaaye peke yake. Na jirani zenu hufanya kazi gani? »

« Huanika sambaza mbele ya mlango. »

« Basi mwekundu ataiba samaki wao, nanyi mtagombana nao. Chukueni wa madoadoa, maana haogopi watu. Lakini mlisheni, asije akajifunza kuiba. Bugali peke yake haimtoshi. Mwili wa paka hutaka nyama au samaki. Paka aliyeshiba huwinda vile vile. »

Mtoto akataka kumchukua siku ile ile. Shangazi akakataa: « Ana majuma sita tu. Ngojeni majuma mawili. Sasa mama yake anamletea panya na kumfundisha kuwinda. »

Mama akauliza: « Na mbegu zangu je? »

« Zitie katika debe lenye kifuniko. Mtoto wa paka hawezi kuua panya mkubwa. Tena ondoeni sumu ya panya, na jirani waombeni vivyo hivyo. Paka akila panya aliyekufa kwa sumu, anaweza kufa naye. Akikua kidogo, mpelekeni kwa mganga wa wanyama, achanjwe kichaa cha mbwa, maana paka pia hupata ugonjwa huo. »

Wakafanya hivyo. Mwezi wa tisa mama akapanda mbegu zilizobaki. Mwezi wa kwanza akavuna, na paka alikuwa amekua. Usiku mmoja akakamata panya karibu na mfuko mpya. Asubuhi mtoto akamkuta amelala juu ya mfuko ule.

Na yule mweupe? Alipewa mzee mmoja wa Bagira. Jioni hulala miguuni pake, wala hajifichi tena.

MAULIZO
1. Kwa nini paka mweupe hakufaa nyumba ya Kadutu?
2. Kwa nini walingoja majuma mawili?
3. Sumu ya panya ina hatari gani kwa paka?
4. Nyumbani kwenu, ni paka yupi wa hao watatu angefaa? Toa sababu.