Gede na Arabuko-Sokoke: Fanya Hivi, Acha Hivi

Kila msimu wa likizo watu wanaojua kusoma hupita vibao vya onyo, na jioni tunakuta lipu imechubuliwa na takataka zimejaa kisimani. Basi someni hapa.

MAGOFUNI: FANYA

Fuata njia. Kuta za mji wa kale wa Gede ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa ikishachoka, jiwe limekaa tu; ukikanyaga ukingo, linashuka nawe.

Chukua mwongozaji. Bila yeye utalipita kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, ukidhani ni ukuta kama kuta nyingine.

Mwalimu, gawa wanafunzi makundi madogo kabla ya kuingia jumba la mfalme. Milango ile ni myembamba. Basi zima likisukumana mle, kinachosukumwa ni ukuta.

MAGOFUNI: USIFANYE

Usichonge jina lako. Mkwaruzo wa ufunguo haufutiki, na fundi hawezi kuuziba kwa saruji: saruji ni ngumu kuliko chokaa, hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza taratibu.

Usikae juu ya kaburi, wala usimpandishe mtoto apigwe picha. Amezikwa mtu pale. Ungemkalia babu yako?

Usiokote kigae. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu huja na tabasamu: "Ni kipande kidogo tu." Kipande cha kauri ya Kichina kikiwa ardhini mwake kinaeleza nyumba ile ilikaliwa lini na wenyewe walifanya biashara na nani. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba hapa mwaka 1948, na mengi tunayoyajua kuhusu mji huu yametokana na vigae kama hivyo, kila kimoja katika tabaka lake. Kikiingia mfukoni mwako hakisemi tena lolote. Hata ukijuta ukakirudisha, hakuna ajuaye kilitoka wapi. Kiache. Ukikiona kimefichuliwa na mvua, mwite mlinzi.

Usiwalishe kima. Ndizi unayompa leo ndiyo itakayomfanya kesho amrukie mtoto wa mwenzako. Nimeona msichana aking'atwa kiganja kwa sababu ya mfuko wa biskuti, na safari yao ikaishia hospitalini kwa sindano za kichaa cha mbwa.

MSITUNI: FANYA

Ingia na mwongozaji hapa pia. Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba zipatazo 420, na ndovu wamo.

Rudi na takataka zako zote. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu na hifadhi za Kenya tangu Juni 2020. Beba chupa ya kujaza.

MSITUNI: USIFANYE

Usiingie kwenye majani makavu nje ya njia. Lundo unalolikanyaga huenda ni kiota cha sange, yule mwenye pua ndefu na kiuno cha dhahabu. Sehemu kubwa ya sange hao waliobaki duniani wamo humu.

Usipige sauti za bundi kwa simu ili umvute upate picha. Anadhani amevamiwa na mpinzani, anaacha kuwinda.

Usitupe kichungi cha sigara. Kuanzia Januari mpaka Machi msitu huu unangoja cheche tu.

KWENYE KAYA

Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nazo zina wenyewe, na neno la wazee ndilo sheria. Ukifika Kaya Kinondo utapewa kaniki: ifunge bila maswali. Usivunje hata kijiti. Usipige picha mpaka uruhusiwe.

Na ukimwona mwenzako anachonga ukuta au anatia kigae mfukoni, mkataze papo hapo, kisha mwite mlinzi. Usingoje sisi tupite.