Somo: Kijana akitoka gerezani, tuanzie wapi?



Hapa Ituri, tangu vita vya 1999 hadi 2003, tukisema "kurudisha vijana katika jamii" wengi wanafikiri juu ya waliobeba silaha. Somo la leo linahusu kundi jingine: vijana wa miaka 18 hadi 25 wanaotoka gerezani. Wengine walihukumiwa kwa wizi au kupigana. Wengine hawakuhukumiwa kamwe. Walingoja kesi kwa miezi, kisha wakaachiliwa. Mwezi wa Mei 2021, serikali ilipotangaza utawala wa kijeshi Ituri na Kivu ya Kaskazini, kesi za jinai za raia zilipelekwa kwenye mahakama za kijeshi.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inampeleka aliye chini ya miaka 18 mbele ya mahakama ya watoto. Lakini anayekosea akiwa na miaka 18 na siku moja anahesabiwa mtu mzima, hata kama hana cheti, hana kazi, na bado analala kwa mama yake.

Kosa letu la kwanza

Mwanzoni tulianza na vifaa. Kijana mmoja alijifunza kushona gerezani, na siku alipotoka tulimpa mashine ya kushona. Baada ya wiki tatu mashine ilikuwa imeuzwa. Tulikasirika, tukasema hana shukrani. Tulipofika nyumbani, mama yake alituambia: "Wanangu, nani angemletea kitambaa? Kartiye nzima inamwita mwizi. Na yule papa aliyemwibia anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa."

Kijana alikuwa ameuza mashine ili alipe deni na kuondoka. Mama hakujua amekwenda upande gani. Katika mkoa huu, ambapo makundi yenye silaha yako tayari kumpokea kijana asiye na pa kwenda, tulielewa uzito wa neno hilo.

Tulijifunza jambo moja: kazi inakuja baada ya kuaminiwa. Tulitoa mashine, lakini hatukumtafutia mtu hata mmoja wa kumwamini.

Hatua tunazofuata sasa

1. Kuanza kabla lango halijafunguliwa. Tunamuuliza kijana: Ulisoma hadi darasa gani? Nani atakupokea? Nani unaogopa kukutana naye?

2. Kumwendea aliyekosewa. Tunakwenda pamoja na shefu wa kartiye. Hatumlazimishi kusamehe, tunamuuliza ni nini kingempa amani. Mara nyingine anataka kijana aje mwenyewe, akiri kosa, na alipe polepole. Kwa kesi za ubakaji au mauaji hatufanyi mapatano ya nyumbani. Hiyo ni kazi ya mahakama.

3. Kutengeneza karatasi. Aliyetoka bila hati ya kuachiliwa anaweza kukamatwa tena. Tunamsindikiza kwenye parke kuuliza kama faili yake imefungwa, na tunafanya nakala mbili: moja yake, moja ya familia.

4. Kutafuta masomo yanayomfaa. Katiba, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni bure, na jambo hilo lilianza kutekelezwa mwaka 2019. Lakini mtu wa miaka 20 hawezi kukaa benchi moja na watoto. Asiyejua kusoma tunampeleka kwenye darasa la watu wazima. Aliyeachia sekondari karibu na mwisho anaweza kuuliza ofisi ya elimu juu ya kufanya mtihani wa taifa kama mwanafunzi anayejisomea. Anayetaka ufundi tunamwelekeza INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, au kwa fundi wa mtaani.

5. Fundi kwanza, vifaa baadaye. Kijana anakaa na fundi kwa miezi kadhaa. Vifaa anapewa kidogo kidogo, kadiri wateja wanavyomzoea.

Matunda na mipaka

Fundi seremala mmoja alikubali kumpokea kijana kwa sharti hili: "Ninyi mje kila Jumamosi. Akipoteza hata msumari, nitawaambia ninyi kabla ya kwenda polisi." Tulikwenda kila Jumamosi. Leo kijana huyo anatengeneza milango, na amelipa nusu ya deni la mtu aliyemwibia. Mtu huyo hajamsamehe, lakini wanasalimiana njiani.

Hatufaulu kwa wote. Yule wa mashine ya kushona hajarudi, na kila tunapompita mama yake sokoni anatuuliza kama tumesikia habari zake. Kwa sababu yake hatutoi tena kifaa chochote kabla ya kuzungumza na majirani.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

– Katika kartiye yenu, kijana akitoka gerezani nani anamtembelea kwanza?
– Ni fundi gani mnayeweza kumwomba ampokee, na ninyi mtamhakikishia nini?
– Aliyekosewa anapata nafasi gani ya kusikilizwa?

Jibuni swali la pili kwa jina la mtu, kisha mwende mkamwone wiki hii hii.