Mshika Mbili: Simu ya Dereva na Gari Kuukuu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Zamani methali hii niliijua kwa ajili ya mtihani tu. Siku hizi naijua kwa mayai.

Baba yangu huuza mayai kwa jumla mjini Thika. Gari lake ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, lenye redio ya kaseti. Wateja wake huagiza kwa simu, na aghalabu hupiga akiwa njiani. Jumamosi moja nilikuwa nimeketi naye mbele. Simu ikalia mfukoni mwa koti. Baba akapeleka mkono kuitafuta, na macho yakaufuata mkono. Papo hapo bodaboda ikachomoka upande wa kushoto. Nikapiga yowe, "Baba!" Akakanyaga breki mpaka magurudumu yakalia. Mwenye pikipiki alipona, nasi tukapona, lakini huko nyuma trei nne zilipondeka. Trei moja ina mayai 30, piga hesabu mwenyewe. Baba hakunena neno mpaka tukafika nyumbani. Jioni ndipo akaniambia, "Wewe si ndiye husoma fizikia? Basi nitafutie njia ya kuongea bila kushika hii kitu."

Makala haya ni jibu nililompa baba. Nitaeleza Bluetooth ni nini, njia za kuitia katika gari kuukuu, jinsi ya kufunga redio mpya, na mwisho jambo moja ambalo muuzaji hatakwambia.

1. BLUETOOTH NI NINI?

Ni njia ya kupeleka sauti na habari kwa mawimbi ya redio, bila waya, mahali pa karibu. Ilianza kubuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi. Jina lake lilipendekezwa mwaka 1997. Linatokana na Harald, mfalme wa Denmaki wa karne ya 10, ambaye lakabu yake ilikuwa "Jino la Buluu". Mfalme huyo anakumbukwa kwa kuwaunganisha watu wa Denmaki na Norwe, nayo Bluetooth huunganisha vyombo vya kampuni mbalimbali.

Mawimbi yake yako karibu na gigahezi 2.4. Vyombo viwili vikishajuana, huruka pamoja kati ya mikondo 79, mara 1,600 kwa kila sekunde. Ni kama wanafunzi wawili wanaohama dawati pamoja kila mara ili mpiga kelele asiwapate. Nguvu yake ni ndogo na hufika kama mita 10 hivi, lakini ndani ya gari hizo ni nyingi mno.

Zingatia kwamba kuna kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kupeleka muziki kutoka kwa simu hadi kwa spika. Ya pili ni mazungumzo, yaani sauti ya mpigaji ije kwa spika na sauti ya dereva irudi kwa simu. Kifaa cha bei nafuu huweza kujua ile kazi ya kwanza pekee. Kabla hujalipa, uliza: kina maikrofoni?

2. NJIA TANO

(a) Kirushio cha FM. Huchomekwa katika tundu la kuwashia sigara. Hupokea sauti ya simu kwa Bluetooth, kisha huirusha upya kama stesheni ndogo, na redio ya gari huinasa. Ni rahisi, lakini magari yaliyotoka Japani yana kisa chake. Redio nyingi za huko za miaka ya 1990 hunasa megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hivyo katika gari kama letu kirushio hakina budi kuwekwa kati ya 87.5 na 90, tena pasipo na stesheni nyingine. Sisi tulianza na hiki. Nyumbani kilisikika vizuri. Tulipopanda kilima, stesheni yenye nguvu ikatumeza. Mteja alisema, "Niletee trei..." halafu tukasikia tangazo la mazishi.

(b) Kaseti ya Bluetooth. Ina umbo la kaseti ya kawaida na betri ndani yake. Kichwa chake cha sumaku hupitisha sauti hadi kwenye kichwa cha redio. Inafaa maadamu mashine ya kaseti ingali inafanya kazi. Yetu ilikula kaseti yake ya mwisho kabla sijazaliwa.

(c) Kipokezi cha waya. Hiki huunganishwa na redio yenye tundu la milimita 3.5 lililoandikwa AUX. Sauti yake ni safi, lakini redio nyingi za zamani hazina tundu hilo.

(d) Spika ya kubana kwenye kizuia jua. Ina betri, spika na maikrofoni yake yenyewe, kwa hivyo haigusi nyaya za gari hata kidogo. Wenye magari ya zamani kabisa yasiyo na redio wanaweza kuitumia.

(e) Redio mpya yenye Bluetooth. Hii ndiyo tuliyomalizia nayo, kwa hivyo nitaieleza kwa kina.

3. KUFUNGA REDIO MPYA

Fundi mmoja wa jua kali alinikubali niwe msaidizi wake. Hatua tulizofuata ni hizi:

Kwanza, hakikisha volti. Gari dogo hutumia volti 12, lakini malori mengi hutumia 24. Redio ya volti 12 ikitiwa moja kwa moja katika lori itaungua.

Pili, zima gari na ufungue waya hasi wa betri kabla ya kitu kingine. Ukianza na ule chanya na spana iguse bodi, cheche zitaruka.

Tatu, toa redio ya zamani na uandike alama kwenye kila waya. Tundu la redio la kawaida lina upana wa milimita 180 na kimo cha 50. Toyota nyingi za Japani zina tundu la milimita 200 kwa 100. Redio ndogo itacheza humo kama jino bovu, kwa hivyo nunua fremu ya plastiki.

Nne, unganisha nyaya tatu za umeme. Katika redio mpya nyingi, waya wa manjano hupata umeme wa betri wakati wote ili redio isisahau. Mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa. Mweusi huenda kwenye bodi ya gari. Sasa usidhani kuwa manjano itakutana na manjano! Katika Toyota yetu, waya wa umeme wa kudumu ni wa buluu wenye mstari wa manjano, ule wa ufunguo ni wa kijivu, na ule wa bodi ni wa kahawia. Fundi alipima kila mmoja kwa mita huku akiniambia, "Rangi ni jina tu, kijana. Akina Kamau ni wengi hapa Thika, lazima uulize ni Kamau yupi." Ukikosea na waya wa manjano ukapata umeme wa ufunguo pekee, redio itaisahau simu yako kila ukizima gari. Nao mwekundu ukifungwa kwenye umeme wa kudumu, redio huweza kukesha ikinyonya betri, na asubuhi utasukuma gari.

Tano, unganisha spika. Kila spika ina nyaya mbili, na zote mbili zirudi kwenye redio. Katika baadhi ya magari ya zamani waya hasi wa spika ulifungwa kwenye bodi. Ukifanya hivyo kwa redio ya kisasa utaichoma.

Sita, usiruke fyuzi. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiweke kipande cha waya badala yake, kwani hapo moto hautakata fyuzi bali utawaka ndani ya dashibodi.

Saba, weka maikrofoni karibu na kinywa cha dereva. Sisi tuliibandika kwenye nguzo ya kando ya kioo cha mbele, mbali na tundu la hewa. Ukisikia mlio unaopanda kila ukikanyaga mafuta, huo ni umeme wa jenereta ya gari. Anza kwa kukagua waya wa bodi. Wetu uligusa rangi badala ya chuma. Fundi alikwangua rangi hiyo, mlio ukaisha.

Mwisho, rudisha waya wa betri, na uunganishe simu gari likiwa limesimama.

4. JE, HATARI IMEKWISHA?

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Wiki ya kwanza baba alifurahi ajabu. Simu ikilia alibonyeza kitufe kimoja tu na kuongea, mikono yote kwenye usukani. Lakini niliona kitu. Zamani alikuwa akiongea kwa ufupi kwa kuwa mkono ulichoka. Sasa mkono hauchoki, basi maongezi hayaishi. Siku moja alikuwa akijadiliana bei na mteja wa Makongeni. Tulilipita duka tulilokuwa tukilipelekea mayai, na baba hakujua. Macho yake yalikuwa barabarani, akili yake ilikuwa Makongeni.

Kumbe jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2001, David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu waliofanya zoezi la kuiga uendeshaji huku wakizungumza kwa simu. Walipozungumza, walikosa kuziona ishara za kusimama karibu mara mbili zaidi, na walichelewa kuitikia walizoziona. Walioshika simu mkononi na wasioishika hawakutofautiana. Waliosikiliza redio tu hawakudhurika hivyo. Kwa hivyo kinachomvuta dereva ni mazungumzo yenyewe.

Tukokotoe kidogo. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, hupita karibu mita 17 kila sekunde. Akili ikiondoka kwa sekunde 2, gari limekwenda mita 33 likiwa halina mtu!

Sheria nayo ipo. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni. Lakini faini hailipi maisha ya mwenye bodaboda.

Nilimwambia baba haya yote, kwa adabu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tufanye hivi." Siku hizi simu ikilia hubonyeza kitufe na kusema maneno manne tu: "Niko barabarani, nitakupigia nikisimama." Hakuna mteja aliyemkimbia.

HITIMISHO

Msomaji mpenzi, kama nyumbani kwenu kuna gari kuukuu, kifungeni kifaa hiki, kwani ni bora kuliko kupapasa mifuko. Lakini mjue kuwa kinaokoa mkono tu. Akili haina waya wala Bluetooth. Mshika mbili bado moja humponyoka. Hapa naitua kalamu. Kiswahili kitukuzwe!

MSAMIATI
Fyuzi: kifaa kinachokata umeme ukizidi.
Kirushio: kifaa kinachotoa mawimbi ya redio.
Kipokezi: kifaa kinachonasa mawimbi.
Lakabu: jina la kupewa na watu.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza?
2. Redio inaisahau simu kila gari likizimwa. Waya upi umekosewa?
3. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa. Litapita mita ngapi kwa sekunde 3?
4. "Mshika mbili moja humponyoka." Jadili ukimrejelea dereva asiyeshika simu mkononi.